Kigiriki Bila Wagiriki

Mgeni wangu alifika na simu yenye kioo kilichopasuka. "Kamwene, mwalimu," akasema, na kabla chai haijamiminwa alishaniwekea picha mbele ya macho: jiwe la kijivu, kubwa kama kibanda cha mlinzi, na ubavuni mwake mistari. Mmoja umesimama, miwili imelala, na pembeni kitu kama duara lililokatwa nusu. "Hiki ni Kijerumani au Kigiriki?"

Mzee alikuwa ametoka Usangu kwa basi la alfajiri. Kijerumani nilikitarajia. Nyanda za Juu Kusini zina watu waliomaliza nusu ya umri wao wakisaka mali za Mjerumani, na kwao kila mkwaruzo juu ya jiwe ni ramani. Kigiriki ndicho kilichonifanya nishushe kikombe. Akanieleza kwamba mjukuu wake alimsomea kuwa maandishi ya Kigiriki cha kale yanaendelea kufukuliwa Afrika, tena karibu na Bahari ya Shamu. Na Iringa hapa, alisema, walikuwepo Wagiriki wa tumbaku, yeye mwenyewe aliwaona. Akajumlisha, na hesabu ikampa jiwe lake.

Nilikuza picha. Herufi iliyochongwa kwa patasi huacha mfereji wenye kuta mbili zinazokutana chini, na kina chake hakibadiliki sana kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kwa sababu mkono wa fundi una mazoea. Mafundi wengi wa Kigiriki walipiga kwanza mistari myembamba ya kuongozea, kama daftari la darasa la kwanza. Ufa wa granaiti haujui adabu hiyo. Hupita unapotaka, hupanuka palipo na udhaifu, huendelea hata upande wa pili wa jiwe ambako hakuna wa kusoma. Jiwe la mzee lilikuwa limepasuliwa na jua la mchana na baridi ya usiku. Nikamwambia hivyo. Hakufurahi, lakini hakuondoka pia, na swali lake limekaa nami tangu siku ile, maana ndani yake mna kosa ambalo hata wasomi wenye shahada hulifanya: kudhani kwamba palipo na Kigiriki palikuwa na Wagiriki.

Niondoe kwanza jambo moja njiani. Tanzania haijatoa hadi leo jiwe lenye maandishi ya Kigiriki cha kale. Wala jina la Iringa halitokani na neno la Kigiriki la amani, *irini*, ingawa kila mwaka kuna anayenigundulia hilo upya. Iringa ni *lilinga* la Kihehe, yaani ngome, na ngome si dalili ya amani. Anayetaka amani ya Kigiriki atazame Dar es Salaam: jimbo kuu la Kanisa la Kiorthodoksi lenye makao pale huitwa Irinoupolis, mji wa amani, jina la Dar lililogeuzwa Kigiriki.

Sasa twende Aksum, kaskazini mwa Ethiopia. Mwaka 1981 wakulima wa pale walikumbana na jiwe refu lililosimama, limejaa maandishi pande zake. Wasomaji wa mawe walipolitazama waliona kwamba maneno yake wanayajua. Ni tangazo lile lile la Mfalme Ezana, wa karne ya 4, ambalo msafiri Mwingereza Henry Salt alikuwa amelinakili kutoka jiwe jingine mjini humo mwaka 1805. Mtu angesema basi hakuna jipya. Mimi nasema nakala ya pili ndiyo habari yenyewe. Ilionyesha kwamba tangazo halikuwa pambo la ikulu. Lilitolewa kwa nakala na kusimamishwa zaidi ya mahali pamoja, kama serikali inavyobandika tangazo ofisi ya kata na sokoni ili asije mtu akasema hakuliona.

Tangazo limeandikwa mara tatu. Mara ya kwanza Kigiriki. Mara ya pili Kigeezi, lugha ya nchi. Mara ya tatu hati za Kisabea, za Arabuni Kusini, na hapo pana kichekesho, kwa sababu ukilisoma kwa makini unakuta ni Kigeezi kile kile kilichovishwa kanzu ya kigeni: herufi za Kisabea, na miisho ya maneno iliyobandikwa ili yasikike kama ya ng'ambo. Mfalme alitaka ionekane kwamba anatawala mpaka Yemen, na katika orodha ya vyeo vyake anajiita hivyo.

Yaliyomo ni mazito. Kabila la Wabeja liliasi. Ezana akawatuma ndugu zake wawili, Saiazanas na Adephas, wawanyang'anye silaha na kuwaleta. Wakaletwa watemi sita na watu wao 4,400, pamoja na ng'ombe, kondoo na wanyama wa mizigo. Njiani walilishwa mikate ya ngano 22,000 kwa siku kwa muda wa miezi minne, pamoja na nyama, pombe na divai. Gawanya mwenyewe: mikate mitano kwa kichwa. Mwishowe wakapewa ng'ombe 25,140, ambao kila mtemi alipata 4,190 sawasawa, wakahamishiwa sehemu nyingine ya ufalme. Ukishazoea mawe ya wafalme unajua kwamba hesabu inayogawanyika vizuri namna hii imetoka mezani kwa karani, si zizini kwa mchungaji. Hata hivyo inatuonyesha serikali iliyokuwa na makarani, iliyopenda kujulikana kwamba inahesabu, na iliyoona kuhamisha kabila zima kuwa jambo la kujitangazia ukarimu. Wabeja wangelisimulia vinginevyo. Wao hawakuchonga.

Kinachonivutia zaidi ni mungu. Katika Kigeezi Ezana ni mwana wa Mahrem. Katika Kigiriki ni mwana wa Ares asiyeshindika, mungu wa vita wa Wagiriki. Aliyeandika hakutafsiri neno kwa neno, alitafsiri kwa msikilizaji. Baadaye Ezana alibatizwa, na mwaka 1969 likapatikana jiwe jingine lake la Kigiriki ambalo linamtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu bila kumung'unya. Kumbe katika maandishi mashuhuri ya Kigeezi ya zama hizo hizo anamtaja tu Bwana wa Mbingu, jina ambalo Mkristo angeliitikia na asiye Mkristo angeliitikia pia. Kwa wageni wa bandarini alisema waziwazi yuko upande gani. Nyumbani, ambako wazee walikuwa bado wanachinjia miungu ya zamani, alipunguza sauti. Nimewahi kuwasikia wanasiasa wetu wakihutubia Dar es Salaam kisha wakihutubia kijijini kwao, nami sikuhitaji kamusi ya Kigiriki kumwelewa Ezana.

Basi Kigiriki kile kilikuwa cha nani? Si cha Wagiriki. Ezana hakuwa Mgiriki, raia wake hawakuwa Wagiriki, na wafanyabiashara wengi waliokisoma walikuwa Wamisri, Washamu na Waarabu waliojifunza lugha hiyo kwa ajili ya kazi. Hata sarafu za Aksum zilianza kwa Kigiriki. Ilikuwa lugha ya bandari na ya hati, iliyopanda kutoka pwani hadi mlimani bila kuhitaji watu wa asili yake kupanda nayo.

Msomaji wa Mbeya ana faida hapa kuliko profesa wa Ulaya. Chukulia mchimbaji wa miaka elfu mbili ijayo anafukua Mwanjelwa. Anapata vibao: "Supu ipo", "Wakala wa pesa", na kimoja cha bati, "Usikojoe hapa, faini 50,000". Vyote Kiswahili. Akiwa mvivu ataandika kwamba katika karne ya 21 watu wa Lamu na Unguja waliiteka Mbeya, wakaleta wapiga chapa na wakojozi wao. Kumbe mama aliyekuwa anauza viazi chini ya kibao kile alipatana bei kwa Kisafwa, akagombana na jirani kwa Kinyakyusa, akaomba kwa Kiswahili, na wala hakuwa na mjomba Lamu. Katika lugha zake tatu ni moja tu iliyopata bati na rangi. Kigiriki cha Bahari ya Shamu kilikuwa Kiswahili cha Mwanjelwa.

Mwishoni mwa mwaka 2000 wapenda mapango kutoka Ubelgiji waliingia pango la Hoq katika kisiwa cha Sokotra, mkabala na ncha ya Pembe ya Afrika. Ndani kabisa, mahali ambapo mwanga wa jua haujawahi kufika, walikuta sakafu na nguzo za chokaa zimeandikwa kwa mkaa, kwa tope na kwa kukwaruza. Maandishi yanazidi 200. Mtaalamu Ingo Strauch aliyachapisha mwaka 2012. Sehemu kubwa ni ya mabaharia wa India, wengine wakitaja kwao Bharuch ya Gujarat, na wengi hawana la kusema zaidi ya jina na neno "amefika". Wapo wa Arabuni, wapo wa Aksum. Yupo mtu wa Palmyra, Shamu, aliyeacha kibao cha mbao chenye tarehe inayoangukia Julai 258. Na Kigiriki? Kipo, lakini kidogo mno. Ile bahari ambayo vitabu vya shule vilituchorea kama ziwa la Warumi na Wagiriki, kumbe pangoni ina sauti ya Gujarat.

Nawapenda watu wa Hoq kuliko Ezana. Hakuna aliyewalipa waandike. Ukipanda jiwe la Gangilonga hapa Iringa, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na ambapo wazee husimulia kwamba Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alikaa kutafakari habari za kuja kwa Wajerumani, utakuta vijana wameandika majina yao kwa rangi na kwa msumari. Kila mara nikifika huko nakasirika, kisha nakumbuka Hoq, hasira inapoa nusu. Nusu tu. Rangi ya mafuta haitoki.

Miaka ya karibuni bandari ya kale ya Berenike, pwani ya Misri, imetoa kipande kingine cha mchezo huu. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba wachimbaji wa Poland na Marekani wamepata sanamu ya Buddha ya marumaru, ya sentimita 71, ndani ya hekalu la mungu wa kike Isis. Kutoka hekaluni humo pia limepatikana jiwe la Kisanskriti na Kigiriki, la mwaka 248, zama za Kaizari Filipo. Mwenye kuweka nadhiri alikuwa Mhindi. Nadhiri yake akaiandika kwa Kisanskriti, na kwenye jiwe lile lile akaweka pia lugha ya serikali. Ukitazama risiti zetu, fomu zetu na vyeti vyetu utaona mgawanyo huo huo, isipokuwa kwetu upande wa serikali umeshikwa na Kiswahili na Kiingereza kwa zamu.

Wanaofanya kazi ya kusoma maandishi ya kale wanajua kwamba utajiri mkubwa uko kwenye makosa. Fundi aliyesoma sana huandika kama kitabu, hatuambii kitu. Fundi aliyesoma kidogo huandika kama anavyosikia, na hapo tunasikia naye. Kigiriki cha kale kilikuwa na irabu kadhaa tofauti ambazo polepole zote ziligeuka "i". Tunalijua hilo kwa sababu wachongaji walianza kuzichanganya. Jina la Irinoupolis limebeba mabadiliko hayo: wazee wa Athens wangelitamka kwa "ei" na "e" ndefu, leo ni "i" mbili tupu. Katika mafunjo ya Kigiriki kutoka Fayumu, Misri, waandishi wanabadilishana L na R kila mara, kwa sababu lugha yao ya nyumbani haikujali tofauti hiyo. Hapa sina haja ya kueleza sana. Huku kwetu nimeshaona kibao cha "saruni ya kike" na kingine kinachouza "maralage", na mpita njia mwenye kiburi akicheka. Mimi napiga picha. Siku moja vibao hivyo vitamwambia mtu ni nani hasa aliyekuwa akizungumza Kiswahili katika milima hii, jambo ambalo kibao kilichoandikwa sawasawa hakiwezi kumwambia.

Tushuke pwani yetu. Kitabu kidogo cha karne ya 1, Periplus, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina, kwa Kigiriki cha watu wa kazi kisicho na madoido, kinaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania. Kinaeleza kwamba jina limetokana na mashua za kushonwa. Mtepe wa Lamu ulikuwa bado unashonwa kwa kamba za nazi miaka elfu moja na mia nane baadaye. Zilitoka pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Ziliingia mikuki, mashoka, visu na vioo. Na kinasema jambo ambalo wasakaji wa Wagiriki hulipita haraka: manahodha waliotumwa huko walikuwa Waarabu wa bandari ya Muza, waliojua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Mwandishi ana Kigiriki, lakini kwenye gati la Rhapta Kigiriki hakikuwa lugha ya mapatano. Ndiyo maana sishangai kwamba hatujapata jiwe. Jiwe huchongwa na mwenye mfalme wa kumtii au mungu wa kumlipa mahali pale. Mpita njia huandika pangoni, au haandiki.

Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1999 habari za shanga kutoka delta ya Rufiji alizozihusisha na dunia ya Warumi, naye anaiona Rhapta maeneo hayo. Wenzake wengine hawajakubali, na mjadala haujafungwa. Kama yuko sahihi, basi maji ya Usangu kwa mzee wangu, yanayoingia Ruaha Mkuu, na maji ya Ruaha Mdogo yanayopita hapa mjini Iringa, yote yalikuwa yakishuka kwenda Rufiji na kupita jirani na soko lile. Mto peke yake si ushahidi wa biashara. Lakini unaonyesha upande wa kutazama.

Maandishi nayo hufa. Mwanzoni mwa karne ya 6 mfanyabiashara wa Aleksandria aliyekuja kuitwa Cosmas alipita Adulis, bandari ya Aksum iliyoko Eritrea ya leo. Mfalme aliagiza anakiliwe maandishi ya Kigiriki yaliyokuwa kwenye kiti cha marumaru na bamba lililokuwa nyuma yake. Cosmas akayanakili, akadhani ni habari moja. Wasomi wa baadaye ndio walioona kwamba ni mbili tofauti kabisa: bamba lamzungumzia Ptolemy wa 3, mfalme wa Misri wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyewinda ndovu wa vita pwani hii, na kiti kinasema "mimi" kwa kinywa cha mfalme wa Aksum ambaye jina lake halimo. Kiti na bamba havijapatikana tena. Tunachokisoma ni mwandiko wa msafiri katika daftari, ulionakiliwa tena na tena na watawa. Periplus nayo ilifika kwetu kwa uzi mwembamba hivyo hivyo, kwa nakala moja ya maana iliyoandikwa karne ya 10.

Na mtu asiniambie kwamba jiwe husema ukweli wa mshindi. Nenda Lugalo, nje kidogo ya Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivunja jeshi la Wajerumani la Emil von Zelewski mahali pale, naye akafa. Walioshinda siku ile hawakuchonga kitu. Walioshindwa ndio waliorudi na mafundi na kusimamisha mnara wa wafu wao. Mgeni asiyejua habari akifika leo, kinachomkabili kwanza ni msiba wa Wajerumani. Ushindi wa Mkwawa ulikaa midomoni, katika Kihehe.

Mzee alinisikiliza yote haya kwa subira ya mtu aliyelipia nauli ya kwenda na kurudi. Kisha akauliza kama chini ya jiwe lake kunaweza kuwa na kitu. Nikamuuliza kwa nini anauliza. Akatazama chai. Walikuwa wameshachimba, yeye na wenzake watatu, kimo cha mtu na zaidi. Nilimkumbusha kwamba kuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964 na kwamba haichezi. Akasema hawakupata kitu, mwalimu, uchafu tu.

Uchafu gani?

"Vigae vya vyungu. Vyungu vya kizamani, vina michoro kama ya kusukia mkeka. Na mavi ya chuma, mengi, debe tatu nne. Tulivimwaga kwenye korongo."

Nikamwomba aniambie basi la Usangu linaondoka saa ngapi.